Barua za Ofisi Zikae Ofisini

Hamjambo nyote. Naona makatibu wa vyama vya ushirika, walimu wa kompyuta, makarani wa shule, na wenye saiba wa Kondele ambao huwaandikia watu wengi wa mji huu barua zao. Karibuni. Nimeitwa hapa Kisumu nieleze mapya yaliyoingia kwenye Thunderbird, ile programu ya kusomea barua pepe kwenye kompyuta. Nitayaeleza. Ila walionisikia Maseno na Kakamega wanajua nina jambo langu, na hilo litatangulia.

Linalonikera ni hili. Programu ikisasishwa, watu hutazama sura yake tu. Toleo la 115 lilipotoka Julai 2023, lile waliloliita Supernova, vitufe vilikusanywa kwenye upau mmoja juu kabisa, na barua zikaweza kuonyeshwa kama kadi badala ya jedwali la mistari. Simu yangu haikupumzika. "Mwalimu, kitufe cha kuleta barua kimeenda wapi?" Kipo, kimehamia juu ya orodha ya folda. Kila aliyenipigia alitaka kujua kitufe kiko wapi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza barua zenyewe ziko wapi. Na hilo ndilo swali.

Kuna kikundi cha wakulima wa mpunga upande wa Ahero, jina nitalihifadhi. Anwani yao ya barua pepe ilifunguliwa na katibu wao wa kwanza, kwa namba ya simu yake mwenyewe. Binti mchapakazi, sina neno naye. Akapata kazi Qatar, akaondoka. Laini ya hapa haikutiwa salio, ikafungwa. Katibu mpya akaingia ofisini na pasiwadi imeandikwa vizuri kwenye daftari, lakini kila akijaribu kufungua akaunti anaambiwa: tumetuma namba ya uthibitisho kwenye simu yako. Simu ya nani? Laini imekufa.

Wakaishi hivyo miezi kadhaa, wakifungua anwani nyingine na kusema yaliyopita si ndwele. Mpaka siku ya kulipwa. Mnunuzi akaja na bei yake, pungufu ya ile waliyokubaliana. Wazee wakasema, tulikuandikia, ukajibu, ukakubali. Yule bwana akasema kwa upole kabisa: nionyesheni. Makubaliano yalikuwa kwenye barua pepe, na barua pepe ilikuwa nyuma ya laini iliyokufa. Msimu mzima wa watu kusimama kwenye maji na kufukuza ndege, ukaning'inia kwenye neno moja: nionyesheni.

Nilikuwa pale kwa shughuli nyingine. Nikaona pembeni kompyuta ya mezani imefunikwa kitambaa cha maua, juu yake wamerundika risiti. Nikauliza, hii hutumiwa na nani? Wakaniambia ilikuwa ya yule katibu, tena kijana aliyekuja kwa mafunzo ya kazi ndiye aliyemwekea programu ya kusomea barua. Nikaomba iwashwe. Thunderbird ikafunguka, ikadai pasiwadi, nikamwambia katibu mpya abonyeze ghairi. Intaneti hakuna, idhini hakuna, na barua zote zipo! Miaka ya barua, na viambatisho vyake. Tukaandika jina la mnunuzi kwenye sehemu ya kutafutia, ikaja barua ya bei, na tarehe, na jibu lake: nimekubali. Mzee mmoja aliisoma kwa sauti mara mbili. Siku hiyo walilipwa bei yao.

Sasa msitoke hapa mkasema mwalimu amesema ukiweka Thunderbird umepona. Sikusema hivyo. Wale walibahatika, na nataka mwelewe bahati yao ilikuwa nini.

Programu kama hii huchukua barua kwa njia mbili. Kuna POP, ambayo huzishusha barua kwenye mashine yako, na unaweza kuamua nakala ibaki kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali ya kampuni inayotunza akaunti yako, au iondoke. Halafu kuna IMAP, ambayo karibu wote humu mnaitumia hata kama hamjui, maana ndiyo inayofanya barua uliyoisoma kwenye simu ionekane imesomwa kwenye kompyuta pia. IMAP ni kioo. Kilichoko kwenye seva ndicho unachokiona kwako. Thunderbird huweka nakala ya kioo hicho kwenye diski, ndiyo maana ile ya Ahero ilisomeka bila intaneti. Lakini mtu akiingia kwenye akaunti kwa simu yake akafuta barua, kompyuta yako ikiunganishwa tena nayo itaifuta. Yule binti angekuwa na nia mbaya, au barua zingefutwa kwenye seva, halafu mashine iunganishwe, tungekuta patupu.

Kwa hiyo barua ya maana, ya mkataba, ya bei, ya mgao, ya ruzuku, haiachwi kwenye folda za akaunti. Chini ya orodha ya akaunti zako, Thunderbird ina folda za mashine yenyewe, zisizounganishwa na seva yoyote. Unda folda humo, ipe jina la mwaka, nakili barua humo. Hapo hafiki mtu wa mbali. Na ukitaka kujua zimehifadhiwaje, kwa kawaida kila folda ni faili moja ya maandishi, aina inayoitwa mbox. Hata kesho Thunderbird ikiacha kutengenezwa, faili hiyo itafunguliwa na programu nyingine. Hilo ndilo ninalolipendea, kuliko kadi na rangi.

Najua kuna anayesema moyoni, si hii programu ilikufa? Hapana. Mwaka 2012 Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox na waliokuwa wakiitengeneza, walitangaza kwamba hawataisukuma tena kwa nguvu, na wengi wakaizika papo hapo. Haikufa. Tangu 2020 iko chini ya kampuni tanzu ya Mozilla, na inaendeshwa kwa michango ya watumiaji wenyewe. Hulipishwi shilingi.

Mwingine anasema, mwalimu, siku hizi mambo yote ni WhatsApp. Sawa, salimianeni huko, tangazeni mikutano huko. Lakini karani anayetuma bajeti ya shule kwenye kundi la WhatsApp, kisha simu inaanguka kwenye choo, anaanza kuomba watu "nitumieni ile faili tena", huyo anaichezea ofisi ya watu. Nimechoka kuliona hilo! Na yule wa kusema kila kitu kiko kwenye wingu, namuuliza: wingu hilo linafunguliwa kwa simu ya nani? Stima ikikatika na bando likaisha saa ambayo mkaguzi amekaa mbele yako, utamwonyesha nini? Laptopu yenye chaji na nakala ndani yake itamwonyesha.

Laptopu ikiibwa je? Swali zuri, na jibu lake si kurudi kwenye simu. Jibu ni nakala ya pili. Kwenye menyu ya msaada, ndani ya taarifa za utatuzi, kuna kitufe cha kufungua folda ya wasifu wako, ambamo Thunderbird huweka barua na mipangilio yako. Funga programu, nakili folda hiyo yote kwenye diski ya nje, diski ikae kabatini kwa mwenyekiti, si kwenye mkoba uleule wa laptopu. Ila jueni kwamba ndani ya folda hiyo kuna pasiwadi zenu pia. Wekeni pasiwadi kuu ndani ya Thunderbird ili zisisomwe ovyo. Pasiwadi kuu hulinda pasiwadi tu, haizifichi barua zenyewe, kwa hiyo kompyuta nayo iwe na kufuli lake na diski itiwe usimbaji, yaani isisomeke bila pasiwadi. Barua za vyama zina namba za vitambulisho vya watu, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Mwanachama akikuuliza namba yake imefikaje kwa mtu baki, usiseme hukujua.

Naonyeshwa saa. Basi mapya, mbio mbio. Toleo la 140, la Julai 2025: barua zenyewe sasa zinageuka giza ukichagua mandhari ya giza, unazipanga folda kwa mkono utakavyo, na arifa ya barua mpya hukuruhusu kufuta au kuweka alama ya kusomwa bila kufungua programu. Toleo la 145, la Novemba mwaka huohuo, linafungua barua za Exchange, mfumo wa barua wa Microsoft, bila kuongezewa kiendelezi, yaani programu ndogo ya nyongeza, jambo la maana kwa wenye anwani za ofisi kubwa. Kwa simu za Android, Thunderbird ipo tangu Oktoba 2024, na kompyuta inakutolea msimbo wa QR, unauskani kwa simu, akaunti zinahamia. Na wenye shughuli nyeti, kusimba barua kwa OpenPGP, ili asome yule uliyemkusudia tu, kumo ndani yake tangu toleo la 78. Hilo lilistahili saa nzima, leo halipati.

Wenye laptopu, zisogezeni mbele. Fungueni mipangilio ya akaunti, nendeni sehemu ya usawazishaji na hifadhi, hakikisheni kisanduku cha kuweka barua kwenye kompyuta hii kina alama. Asiye na alama aitie. Kisha kila mtu atafute barua moja ambayo ikipotea chama chake kitaumia, ainakili kwenye folda ya mashine. Napita meza kwa meza. Mama wa Awasi, tuanze na yako.