Jogoo wa Wete na mlango wa sheha

ASHA: Assalamu alaykum, wasikilizaji wetu. Leo tulipanga mambo matatu ya kufanya kampeni mitandaoni, lakini Hamadi tangu kaingia anacheka.

HAMADI: Waalaykumu salaam. Yakhe, si mie peke yangu. Kisiwa kizima kinauliza jogoo wa nani yule.

ASHA: Haya. Wiki hii kwetu Wete, Pemba, bomba limekauka tena. Shangazi yangu kaamka kabla ya alfajiri kwenda kisimani, akanitumia voisi. Haifiki dakika. Unasikia dumu linagonga ukingo wa kisima, unamsikia anavyohema. Anasema, "Asha mwanangu, watoto wanakwenda skuli hawajakoga, na mgongo wangu umeshakataa." Hapo katikati jogoo akawika. Nikamuomba ruhusa, nikaitia kwenye grupu la WhatsApp la mtaa.

HAMADI: Ikafika Maskati kabla ya saa nne! Binamu yangu kanipigia: "Hamadi, yule si jogoo wa kwa fundi cherehani?"

ASHA: Wengine wanasema wa nyumba ya nyuma ya msikiti. Wamebishana jogoo mchana kutwa.

HAMADI: Ndiyo maana nakwambia ungemkata. Mtu akishasikiliza, abaki na kitu kimoja, na hicho kimoja kiwe maji.

ASHA: Simkati! Jogoo ndiye anayekwambia saa. Bila yeye, mtu wa ofisini atasema mama kenda kisimani kwa matembezi. Na ndiye aliyewafanya watu waisambaze. Tuliwahi kupandisha video nzuri, ina maandishi chini, ina muziki, haikuvuka Chake. Voisi inakula bando kidogo, na bibi asiyejua kusoma anampelekea mwenziwe mwenyewe.

HAMADI: Hilo nakubali. Lakini voisi haina tarehe. Mwakani itasambazwa tena bomba linatoka, aonekane shangazi mwongo.

ASHA: Nimeshamwambia, nyengine aanze kwa kutaja siku na shehia, yaani eneo lake, amalizie kwa anachotaka.

HAMADI: Na anayemtaka! Maana nimeona watu wanamtegi waziri wa maji wa Dodoma. Jamani, maji ya Pemba si jambo la Muungano. Waziri wa kule hata akitoa machozi, hana bomba la kufungua Wete. Hili ni la SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na wa kulisemea ni mwakilishi wako, kwenye Baraza la Wawakilishi, Chukwani.

ASHA: Na kwa wakati wake. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, bajeti inajadiliwa Mei na Juni. Ukipiga kelele Agosti, fungu lishagaiwa. Halafu usitegemee mtandao mmoja, ukifungwa unakatika nao. Tuliona X ilipofungwa Mei 2025. Ila jogoo, Hamadi, jogoo anabaki.

HAMADI: Jogoo abaki. Ila kabla ya kuitia kwenye grupu, ulikwenda kwa sheha, mkuu wa shehia yenu?

ASHA: Sikwenda.

HAMADI: Mzee wa watu kanipigia, sauti imemshuka. "Mtoto huyu nimemuona anazaliwa, leo habari za shehia yangu nazisikia kutoka Maskati." Asha, muhuri anao yeye. Mifuko ya plastiki Zanzibar ilipigwa marufuku 2006, bara wakafuata Juni 2019. Hiyo 2006 WhatsApp ilikuwa haijazaliwa. Sheria ilipita bila ya voisi hata moja.

ASHA: Na barua yetu ya maji je? Ina muhuri wa sheha, ina saini za kinamama, imelala kwenye faili la ofisi moja. Voisi imetoka, jana fundi kaja kupima presha.

HAMADI: Kaja kupima, maji hakuleta. Fundi ni wa leo na kesho. Sisi tunataka sera: ratiba ya mgao iandikwe, itangazwe, kila mtu ajue siku yake. Hiyo huipati kwa kumuaibisha mtu mzima.

ASHA: Sikumtaja hata herufi.

HAMADI: Shehia ina sheha mmoja. Kila mtu anamjua.

ASHA: Na mama anayebeba dumu kila mtu anamjua. Aibu yake yeye mbona haihesabiwi?

HAMADI: Inahesabiwa. Lakini ukishamfungia sheha mlango, barua ya pili nani ataipokea?

ASHA: Ya kwanza kaipokea, ikawaje?

HAMADI: Hapo sikufuati, Asha.

ASHA: Na mie sikufuati.

HAMADI: Tunaoneshwa saa hapa. Yale mambo matatu hatukuyagusa hata moja.

ASHA: Yatangoja wiki ijayo, in shaa Allah.

HAMADI: Mie kesho naandika barua ya ratiba ya mgao, naipitisha kwa sheha.

ASHA: Na mie usiku huu natia voisi ya pili. Kinamama wa mtaa wa chini wameshairikodi.

HAMADI: Ngoja basi barua ifike.

ASHA: Singoji. Wasikilizaji, maassalama.