Shamba la kijiji linalindwa na daftari

Shikamooni wazee, vijana habari zenu, na akina mama naona mmejikalisha nyuma kule, naomba msogee mbele maana haya mambo ya ardhi ya kijiji yakiharibika ninyi ndio mnaobaki na jembe mkononi na pa kulima hamna.

Wengine hapa mlishanisikia nikiliongea hili na mtasema mzee kaja na stori yake ileile, sawa, ni ileile, kwa sababu na tatizo ni lilelile. Kila wilaya ninayopita kwenye hii kazi ya usaidizi wa kisheria nakutana na mtu ana bahasha ya kaki imejaa makaratasi, shamba limeshakwenda, anataka nimsaidie kuandika barua kwa waziri. Mimi kabla sijaifungua ile bahasha namuuliza, mkutano mkuu wa kijiji umehudhuria lini mara ya mwisho? Hapo wengi wanakasirika. Wanaona nimeacha mwizi nimemkamata aliyeibiwa. Sivyo, ngoja nieleze.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ilianza kutumika Mei 2001, kwa hiyo hata mtoto aliyezaliwa mwaka huo ni mtu mzima sasa na ana haki ya kuingia mkutanoni. Ile sheria imesema halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini. Mdhamini! Yaani mtu aliyeachiwa mali ya wenzake aitunze. Halafu ikasema tena, kwa maneno ambayo hayahitaji wakili, kwamba halmashauri haitagawa ardhi wala kutoa hakimiliki ya kimila, yaani haki ya mtu kumiliki shamba kwenye ardhi ya kijiji, bila idhini ya mkutano mkuu, na idhini yenyewe itangulie, sio mgawe leo mje kutuarifu mwakani. Na kila mkutano mkuu wa kawaida, ambao ni kila miezi mitatu, halmashauri inatakiwa isimame itoe taarifa ya ardhi na isikilize wanakijiji wanasemaje. Kwa hiyo mwenyekiti sio mwenye ardhi, mtendaji sio mwenye ardhi, na ule mhuri wanaoutembeza kwenye begi sio idhini. Idhini ni watu wamekaa, wameelezwa, wamekubali, na imeandikwa.

Najua kuna mtu anajiandaa kuniambia, mzee, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na rais ndiye mdhamini, sisi kijijini tuna nguvu gani. Nalisikia sana hilo na linanichosha kwelikweli, kwa sababu wanaolisema zaidi ni wale wanaotaka mkae kimya. Ndiyo, ni ya umma, na sheria hiyohiyo ya umma ndiyo imewapa ninyi usimamizi wa ardhi ya kijiji, na inakadiriwa ardhi ya vijiji ni kama asilimia 70 ya nchi nzima. Vijiji zaidi ya 12,000. Hakuna wizara yenye macho ya kutosha kulinda mashamba yote hayo, na ndiyo maana Tume ya Shivji, ile tume ya rais ya kuchunguza masuala ya ardhi ya 1991 mpaka 1992, ilizunguka nchi nzima kusikiliza malalamiko ya watu ikaja na pendekezo kwamba mkutano wa wanakijiji wenyewe uwe na kauli juu ya ardhi yao. Hawakupewa yote yaliyopendekezwa, lakini hili la mkutano mkuu limo kwenye sheria. Sasa tunaliachia.

Haya, ile stori. Kijiji sitakitaja na ofisi sitaitaja, waliohusika wana watoto shuleni.

Kulikuwa na bonde, ekari kama themanini hivi, udongo mweusi ule ukiukanyaga wakati wa masika kiatu kinabaki. Watu wanalima mpunga humo, kiangazi mboga. Asubuhi moja wanakuta vigingi vimepakwa rangi nyekundu na vijana wana futi kamba wanapima viwanja ishirini kwa ishirini. Kuuliza, wanaambiwa kijiji kilishapitisha, muhtasari wa mkutano upo. Nikaitwa. Tukaenda ofisini na wazee wawili na bibi mmoja ambaye ana majaruba manne mle bondeni, tukaomba muhtasari, tukazungushwa siku mbili, ya tatu ukatoka. Karatasi tatu za mkutano na karatasi nne za mahudhurio, majina na sahihi, mhuri juu, kila kitu kimekaa sawasawa mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuwa na wasiwasi kwamba labda kweli walikaa hawa watu.

Yule bibi hajui kusoma. Akasema, someni majina. Mzee mmoja akaanza kusoma, moja, mbili, tatu, anasoma taratibu, na bibi anaitikia kila jina, huyu yupo, huyu kahamia kwa mwanawe, huyu yupo. Kufika namba ishirini na tatu lile jina likasomwa na bibi hakuitikia. Likasomwa mara ya pili. Akasema, huyo ni mume wangu, nimemzika mwaka wa tatu sasa, mnaniambia alikuja mkutanoni kuuza shamba langu? Mle ofisini hakuna aliyekohoa.

Ndipo nikaomba zile karatasi nikatoka nazo mlangoni kwenye mwanga. Wengi walikuwa wameweka dole gumba badala ya sahihi. Na lile dole lilikuwa na kovu, mstari mweupe umekatiza kutoka kushoto juu kuja kulia chini, kama mtu aliyewahi kujikata na panga. Nikaangalia la kwanza, kovu. La pili, kovu lilelile. Nikahesabu kwa kidole karatasi zote nne, mara kumi na saba. Mtu mmoja kakaa na wino wake kagonga dole mara kumi na saba, na ekari themanini za mpunga zikageuka viwanja.

Sasa sikilizeni tulichofanya, maana hili ndilo wengi hamlijui. Sheria inasema wanakijiji wasiopungua 100 wakilalamika kwa halmashauri ya wilaya kwamba halmashauri ya kijiji haisimamii ardhi kisheria, wilaya inawajibika kulishughulikia. Sio wakipenda, inawajibika. Tukakaa chini ya mwembe na daftari jipya, mtu mmoja mmoja, jina lake, kitongoji chake, sahihi yake mwenyewe mbele ya wenzake, tukavuka mia kabla jua halijazama. Wilaya wakaja, upimaji ukasimamishwa, vigingi vikang'olewa. Ila sehemu ya juu kule karibu na barabara watu walishachimba misingi na kumwaga kifusi, na pale mpaka leo sio shamba. Udongo wa bonde ukishafukiwa na kifusi cha mawe haurudi. Yule bibi majaruba mawili kati ya manne yalikuwa huko juu.

Kwa hiyo nikiuliza mkutano umehudhuria lini, namuuliza kwa sababu mkutano usiokuwa na watu ndio unaotoa nafasi ya dole moja kugongwa mara kumi na saba. Watu wakiwa na kawaida ya kukaa kila miezi mitatu, muhtasari wa uongo unajulikana siku hiyohiyo. Kijijini kwenu daftari la muhtasari liwe na kurasa zenye namba, sio karatasi za kuchomoa. Mkutano ukifungwa mistari iliyobaki wazi ipigwe mstari mbele ya watu, maana ile nafasi wazi ndiyo inayokuja kuandikwa ekari usiku. Majina ya waliohudhuria yasomwe kwa sauti. Anayeweka dole, jina lake liandikwe pembeni na jirani yake ashuhudie. Na muhtasari uliopita usomwe kabla ya kuanza mpya, usomwe wote, sio mtu anasema tuuchukulie umesomwa.

Mtu ataniambia, lakini shamba ni langu, nikitaka kuuza kwani kijiji kinahusikaje? Kaka, hakuna anayekukataza kusaidika na mali yako. Hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na hakimiliki nyingine yoyote, haina ukomo wa miaka, unarithisha. Lakini unapomuuzia mtu wa nje katikati ya bonde, yeye akajenga ukuta, maji ya mfereji yakakatika, jirani yako wa chini analima nini? Ndio maana mnakaa pamoja. Na mwingine atasema tunafukuza wawekezaji. Mwekezaji anayeogopa kusimama mbele ya wanakijiji akaeleza anataka nini, huyo ni wa kuogopwa kuliko simba. Aliye sawa anakuja, anauliza, anaelezwa utaratibu. Eneo lisilozidi hekta 250 likitaka kuhamishwa kutoka ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla, yaani ile isiyosimamiwa na kijiji tena, kukubali au kukataa ni kwa mkutano mkuu wenu. Likizidi hapo linakwenda kwa waziri, lakini sauti yenu lazima isikike bado.

Muda unakimbia naona. Mpango wa matumizi ya ardhi, haraka haraka. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Namba 6 ya 2007, kijiji kina kamati yake ya mipango, Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ipo tangu miaka ya themanini, wilaya ina wataalamu wake. Mnakaa mnatenga, hapa kilimo, hapa malisho, hapa msitu, hapa makazi. Ila nimeona vijiji vina ramani nzuri imebandikwa ukutani, rangi zote, na mashamba yanaisha vilevile, kwa nini? Hawakutunga sheria ndogo. Ramani haimshitaki mtu. Halmashauri ya kijiji inaandaa sheria ndogo, mkutano mkuu unaijadili, wilaya inaidhinisha, ndipo ng'ombe akiingia kwenye mpunga au mtu akijenga kwenye mfereji kuna kifungu cha kumshika. Na mipaka ya malisho muiweke pamoja na wafugaji wakiwa wamekaa hapohapo, tafadhali sana, msiwapangie wenzenu wakiwa hawapo halafu mkashangaa vurugu.

Mliopo karibu na mji, ninyi nawaonea huruma zaidi, maana kijiji kikishageuzwa mitaa ule mkutano wenye kauli ya ardhi haupo tena na mipango inakwenda kwa mamlaka ya mji. Pimeni mashamba yenu na mchukue hati za kimila mapema, kabla ya tangazo la kugeuzwa mitaa.

  

Mwenyekiti ananionyesha saa. Daftari la mfano nimekuja nalo, lipo hapa mezani, kurasa zina namba na nafasi ya dole na ya shahidi. Watendaji mliopo njooni mlipige picha kwa simu kabla hamjaondoka, na akina mama mkalitazame pia, msiwaachie watendaji peke yao.