Mashine Nunua Mwisho

(Mhadhara kwa mafundi umeme vijana, Tanga)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wenzangu, habari za jioni. Nashukuru kwa kunialika, na namshukuru aliyefunga feni hilo juu ya kichwa changu, maana leo Tanga imeamua kutuchemsha.

Mada niliyopewa ni namna ya kuanza kuchimba sarafu za mtandaoni: mashine gani, inafungwaje, inaendeshwaje. Nitafika huko, ila nitaianzia mkiani. Kila anayenipigia simu kuhusu jambo hili swali lake ni moja, "Fundi, ninunue mashine gani?" Hajatokea hata mmoja aliyeanza kwa kuniambia umeme anaununua shilingi ngapi uniti moja. Ndiyo maana watu wamejaza vyuma uvunguni mwa vitanda.

Hii hapa mezani ni Antminer S19j Pro, ya terahashi 100. Mnaiona, haizidi boksi la sabuni, na kijana aliyeibeba kutoka kwenye gari atawaambia uzito wake. Ndani kuna bodi tatu za kuhesabia, feni nne, bodi ndogo ya kuongoza, na hii pembeni ni pawa saplai. Haina kioo, haina kibodi, haichezi muziki. Kazi yake ni kubahatisha namba mara trilioni 100 kila sekunde, ndizo hizo terahashi 100, ikishindana na mashine nyingine zote duniani kupata namba itakayofunga ukurasa unaofuata wa daftari la Bitcoin.

Kurasa hizo zinafungwa kwa wastani wa moja kila dakika 10, yaani 144 kwa siku. Anayefunga mmoja anapewa Bitcoin 3.125. Kabla ya Aprili 2024 alikuwa anapewa 6.25, na hupunguzwa nusu kila baada ya miaka minne hivi. Piga hesabu: dunia nzima inagawana Bitcoin 450 kwa siku. Sasa wachimbaji wakiongezeka, je, kurasa zinafungwa haraka zaidi? Kwa siku chache, ndiyo. Lakini kila baada ya kurasa 2,016, kama wiki mbili, mtandao wenyewe unapandisha ugumu mpaka tunarudi kwenye zile dakika 10. Sahani ya pilau ni ile ile, mikono ndiyo inaongezeka.

Naomba chaki.

Mashine hii inakula wati 3,050. Mara saa 24, ni uniti 73 na kidogo kwa siku. Mnakumbuka zile uniti 75 za mwezi mzima za watumiaji wadogo, zenye bei nafuu? Hii inazimaliza kwa siku moja na nusu saa. Kwa hiyo uko kwenye bei ya kawaida: shilingi 292, ukijumlisha kodi na tozo inagusa 356. Zidisha. Karibu shilingi 26,000 kwa siku. Kwa mwezi, laki saba na themanini.

Mapato sasa. Tuseme mtandao mzima una exahashi 900, yaani terahashi milioni 900, na Bitcoin moja ni dola 100,000. Namba hizi zinabadilika kila siku, nazichukua kwa sababu ni rahisi kuhesabu. Sehemu yako katika zile 450 ni satoshi 5,000 hivi, na Bitcoin moja ni satoshi milioni 100. Hiyo ni dola 5. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, 12,500.

Unatumia 26,000 kupata 12,500. Ndugu zangu, naona mmenyamaza.

Kuna kijana pale nyuma ananong'ona, "Bei itapanda." Sawa kaka, tuipandishe mara mbili, na tuombe asiingie mchimbaji mwingine hata mmoja. Unapata 25,000. Bado hujafikia LUKU! Basi tununue mpya, S21, terahashi 200 kwa wati 3,500. Kwa ile bei ya dola 100,000 inaingiza 25,000 kwa siku na inakula umeme wa karibu 30,000. Ni nzuri zaidi, na bado inakula mtaji.

Ndiyo maana mashine hupimwa kwa jouli kwa kila terahashi, yaani umeme inaokula kwa kila kubahatisha mara trilioni moja. S9 ya zamani ni kama 100, hii ya mezani 30, S21 ni 17.5. Namba ndogo ndiyo nzuri. Mwuzaji asiyekutajia namba hiyo anakuuzia rangi ya boksi.

Sasa mtu atauliza, mbona wapo wanaochimba hapa hapa Afrika? Wapo, na hawatumii LUKU. Kule Luviro, Kivu ya Kaskazini, Kongo, Hifadhi ya Virunga ina kituo chake cha umeme wa maji, na tangu 2020 kuna makontena ya mashine yaliyowekwa pale pale. Utalii ulikuwa umesimama, kwa Ebola, kwa vita, kisha korona, na umeme wa mto ulikuwa haujapata wateja wa kutosha. Kenya kuna kampuni ya Gridless, ilianza 2022, inapeleka kontena kwenye vituo vidogo vya maji vijijini. Usiku wanakijiji wakizima taa, mto haulali, na maji hayawekwi ghalani. Mashine zinanunua ule umeme ambao ungemwagika. Asubuhi watu wakiuhitaji, mashine zinazimwa ndani ya dakika chache. Ni mteja asiye na kinyongo.

Kwa hiyo ukiwa na poromoko lako la maji, au unamjua mwenye kinu cha maji milimani Lushoto ambaye usiku hana wa kumwuzia, tukae tuzungumze. Sola? Uniti 73 kwa siku, jua letu tuliweke saa 5 za nguvu kamili: paneli 27 za wati 550, kabla hujahesabu upotevu wala betri za usiku. Mwenye pesa hiyo aende akauze barafu Pangani.

Lakini ninyi ni mafundi. Mtaitwa kufunga mashine za watu wengine, wenye umeme wao, na hapo ndipo kuna riziki yenu. Kwa hiyo nataka nikae kwenye waya.

Mwaka 2021, China ilipokuwa inawafukuza wachimbaji, mashine za zamani zilimwagika sokoni. Nikanunua S9 mbili, mitumba. Nilikuwa nimepanga chumba Chumbageni. Nikazichomeka zote kwenye ekstensheni moja nyeupe, ile ya dukani yenye taa nyekundu, nikalala kwa furaha, ingawa kulala kwenyewe ni kwa jina tu, maana mashine hizo zinapiga kelele ya desibeli 75 na zaidi. Ukitaka kuongea na mkeo inabidi mtoke nje. Siku ya tatu nikanusa harufu kama ya kandambili inayoungua. Plagi ya ekstensheni ilikuwa imeyeyuka ikashikana na soketi ya ukutani, nikaitoa kwa koleo. Wati 2,700, ampea karibu 12, mchana na usiku, kwenye waya mwembamba kama kamba ya kiatu. Na mama mwenye nyumba, ambaye LUKU tulikuwa tunachangia, alisimama mlangoni akaniuliza kwa upole sana, "Mwanangu, humu ndani umefungua kiwanda?"

Pasi ni wati elfu moja, unaipasha dakika 10 unaizima. Waya unapata muda wa kupoa. Mashine ya kuchimba haizimwi. Chochote kinachovumilia pasi kisikudanganye.

Kwa hiyo: kila mashine na laini yake kutoka meni swichi. Hii inavuta ampea 13.3 kwa volti 230. Breka iwe ya ampea 20, maana mzigo usiokatika usipite asilimia 80 ya breka, na 80 ya 20 ni 16. Waya tumia milimita 4. Najua 2.5 kwenye jedwali inabeba, lakini jedwali halijawahi kulala juu ya dari la bati la Tanga saa nane mchana. Mashine ina matundu mawili ya kuingizia umeme, na yote lazima yachomekwe. Usiyaunganishe kwenye ekstensheni. Funga kigawa umeme cha chuma chenye soketi za C13. Athi ipimwe, isiwe nondo iliyochomekwa kwenye mchanga mkavu kwa ajili ya picha.

Na pima volti usiku, watu wakiwa wanapika na televisheni zimewaka. Pawa saplai hii inataka volti 200 hadi 240. Volti zikishuka, yenyewe inavuta ampea zaidi ili ipate wati zake: kwenye 205 ni karibu 15. Zikishuka chini ya 200, itajizima, itawaka, itajizima, na mteja atakupigia wewe. Baada ya wiki moja rudi ukakaze skrubu zote. Joto linalegeza skrubu, na skrubu iliyolegea ndiyo inayoanza kuungua. Fundi anayerudi bila kuitwa hakosi kazi mji huu.

Joto lenyewe sasa. Wati zote 3,050 zinatoka kama joto, pasi tatu zinazowaka bila kukoma. Chumba kigawe kwa ukuta wa plaiwudi: mbele ya mashine upande wa baridi, nyuma upande wa moto, na hewa iliyotoka isipate njia ya kurudi. Feni ya kutolea iwe na nguvu kuliko feni za mashine zikijumlishwa. Hewa inayoingia ikizidi nyuzi 40, jihesabu unachoma. Kiyoyozi sikishauri, kina LUKU yake.

Halafu kuna adui wetu wa pwani. Tazameni bodi hii, nimekuja nayo kwenye mfuko. Haya mabaka ya kijani kwenye miguu ya chipu ni kutu ya chumvi ya bahari, mashine ilikaa dirishani Raskazone miezi minne. Na hiki kilichokauka hapa katikati, pitisheni muone, ni mjusi kafiri. Alifuata joto usiku, akagusa ncha mbili, akafa na bodi ikafa naye. Theluthi ya mapato, kwa mjusi! Wavu wa mbu kwenye matundu yote, na uupige brashi kila Jumamosi, maana wavu uliojaa vumbi ni sawa na blanketi.

Mitumba nayo haina shida ukiwa na macho. Usikubali picha. Iwashwe mbele yako, ikae saa moja angalau ipate moto, fungua ukurasa wake wa mipangilio kwenye simu, hesabu chipu. S19j Pro inatakiwa isome chipu 126 kwa kila bodi, bodi zote tatu. S9 ni 63. Ikisoma 125 usiambiwe "hiyo moja tu kaka." Nusa pia mdomo wa feni ya nyuma. Kilichoungua hakijifichi.

Kuiwasha ni kazi ndogo kuliko mnavyodhani. Waya wa intaneti, siyo Wi-Fi; data haili nyingi, kifurushi cha kawaida kinatosha, ila isikatike-katike. Tafuta anwani ya IP, yaani namba ya mashine kwenye mtandao wako, ingia, jina "root" na nywila "root", na badilisha nywila hiyo kabla hujakunywa maji. Peke yako hutapata kitu, kwa hiyo jiunge na chama cha wachimbaji, kile wanachoita puli: mnachimba pamoja, mnagawana kwa kazi ya kila mmoja, wanakata asilimia chache. Malipo yaende kwenye pochi yako mwenyewe, yaani programu ya kutunzia sarafu, na yale maneno 12 au 24 ambayo ndiyo ufunguo wa pochi yaandike kwenye karatasi. Usiyapige picha.

Kadi za michezo ya kompyuta? Zilikuwa za Ethereum, sarafu nyingine ya mtandaoni, na Ethereum iliacha uchimbaji Septemba 2022. Simu? Hakuna simu inayochimba Bitcoin. Programu inayokuambia simu yako inachimba ukiwa umelala, kisha inaomba utume hela kidogo ili uongeze kasi, hiyo inakuchimba wewe. Kwa upande wa sheria, Benki Kuu ilitoa tahadhari mwaka 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali hapa, na sheria ya fedha ya 2024 imeleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mauzo yake. Kaone mhasibu kabla ya kuuza.

Maswali. Naam, dada yangu.

Anauliza, ana milioni mbili za akiba, anapenda jambo hili, aanzie wapi? Swali zuri. Nunua mita ya kubana ya ampea, nzuri, usinunue ya bei ya chini kabisa. Nunua koleo la kubania vichwa vya waya na brashi laini. Ukitaka kujifunza programu zake, kuna vimashine vidogo vinaitwa Bitaxe, vya terahashi moja hivi, vinakula umeme kama balbu. Kwa mtandao ule wa exahashi 900, ukikiacha kichimbe peke yake utafunga ukurasa mmoja kwa wastani wa miaka 17,000 hivi, kwa hiyo usikope. Hela inayobaki iache benki.

Mzee, nimekuona, nakuja. Wakati namsikiliza mzee, mwenye bisibisi asogee mezani aanze kufungua hizi skrubu nne za feni. Taratibu, waya za feni ni fupi.