Kafungwa 13 kwa 2, ila kuna kitu nimekiona kwa mwanangu

Watu wangu wa Mbeya ugonile, Mwanjelwa, Uyole, Tukuyu mpaka Kyela nawasalimu wote. Leo sijapika wala sijaenda dukani, leo naongea kama mama maana mwanangu katoka uwanjani analia na mimi moyo umeuma kwelikweli.

Wamefungwa 13 kwa 2 jamani. Na gemu hata haikuisha, huku Marekani besiboli ya watoto wa umri wake ni raundi 6 ila mkizidiwa pointi 10 baada ya raundi ya 4 mchezo unakatishwa, mnapeana mikono mnaenda nyumbani. Kwa wasioujua, chukulia rede yetu ile, ila badala ya kuukwepa mpira wewe una rungu unaupiga, ukiukosa mara 3 umetoka. Yeye alitoka hivyo mara 2.

Kwenye gari nikamwambia umecheza vizuri baba, akanijibu mama usinidanganye. Nikanyamaza. Kweli nilikuwa namdanganya, nimesema tu ili anyamaze kulia.

Sasa sikilizeni. Yeye wamempanga nyuma kabisa upande wa kulia, huko kwa watoto mpira haufiki sana. Ila kuna kazi moja, kila mpira ukipigwa chini mwenzake akiutupa kwenye besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza anachokimbilia aliyepiga, yeye inabidi akimbie mpaka nyuma ya hiyo besi, endapo utampita aliyesimama pale. Anakimbia, mwenzake anaudaka, anarudi zake. Anakimbia tena, anarudi. Jua kali, wanafungwa, na hakuna hata mmoja anayemwangalia. Raundi ya 4 tuko 12 kwa 2 mpira ukampita mwenzake kweli, na yeye yupo pale! Akaulalia kwa kifua, yule mtoto wa timu pinzani akabaki palepale besi ya kwanza hakwenda ya pili.

Tumefika home babu yake kapiga video kutoka Uyole, huko giza limeshaingia, kajifunika shuka lake la baridi. Shikamoo babu, marahaba, mmeshinda? Mtoto kainamisha kichwa. Nikamweleza mzee hilo la kukimbia nyuma ya mwenzake, na mzee mpira anaujua, ni Mbeya City damudamu tangu 2013/14 ile wamepanda ligi kuu tu wakamaliza wa 3, uwanja wa Sokoine alikuwa hakosi. Akasema huyo ni beki anayerudi kumfunikia kipa. Halafu akauliza, alikuwa anarudi kila mara au mara mojamoja?

Mwanangu akainua kichwa akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Kila mara babu."

Mzee akasema ndaga fijo, asante sana mjukuu wangu, nitumieni video ya huko kukimbia niione. Ninayo, simu inatikisika maana nilikuwa napiga kelele peke yangu jukwaani, ngoja niwawekee na nyie.