Mlango wa McMillan

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuyapa kazi mpya majengo ya zamani ya maktaba. Nitaanza na mlango, na sitauacha upesi. Kila kunapoitishwa mkutano wa aina hii watu hujadili paa, rangi na nguzo mpaka jua likatua, na hakuna anayeuliza ni nani ataruhusiwa kuingia.

Historia ya Maktaba ya McMillan ya Nairobi mnaijua, sitaisimulia yote. Lady Lucie McMillan alilijengesha jengo lile kwa kumbukumbu ya mumewe, William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri aliyekuwa na shamba kubwa kule Juja, akafariki 1925 na kuzikwa Kilimambogo. Likafunguliwa 1931. Simba wawili wa mawe, ngazi pana, nguzo nene, Msikiti wa Jamia hapo jirani. Kila mpita njia wa katikati ya Nairobi analijua kwa sura.

Sasa sikilizeni. Tangu 1931 hadi 1958, Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Miaka 27. Mtoto aliyezaliwa Pumwani mwaka ule maktaba ilipofunguliwa alikua, akaoa, akapata watoto, na watoto wakaanza shule kabla mlango ule haujawa wake. Mtazameni Eliud Mathu. Alisoma hadi Oxford. Mwaka 1944 akawa Mwafrika wa kwanza kukaa katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Akapewa kiti cha kujadili sheria za nchi nzima, lakini kwa kanuni ya McMillan hakuwa na kiti cha kusomea gazeti, na hali hiyo ikadumu miaka 14 mingine. Mtu anaaminiwa kutunga sheria na haaminiwi na kitabu! Nimelisema hili mara nyingi na nitaendelea kulisema, kwa sababu wapo vijana katika ukumbi huu wanaopita pale kila siku wakipiga picha na wale simba, na hakuna aliyewahi kuwaambia.

Kuna anayesema moyoni: mzee, hayo ni ya ukoloni, yamepita, tuambie paa linalovuja litazibwa na nani. Ndugu yangu, hayajapita. Rangi ya ngozi ilikuwa njia mojawapo tu ya kufunga mlango. Ziko nyingine. Tiketi hufunga mlango. Ada ya uanachama hufunga mlango. Mlinzi anayekuuliza unakwenda kwa nani, kisha akakutazama viatu, huyo naye ni kufuli. Mkahawa wenye vikombe vya bei isiyoshikika, ukiupa ukumbi wote wa chini, umefunga mlango bila hata kuubana. Kwa hiyo mtu anapokuja na mchoro mzuri wa kulifanya jengo la maktaba kitu kingine, mimi swali langu ni moja: kijana asiye na hata shilingi moja mfukoni, ataingia na kukaa kwa muda wa saa nne bila kuulizwa ananunua nini? Akishanijibu, tutafika kwenye nguzo.

Tutoke Nairobi kidogo. Washington, mji mkuu wa Marekani, mwaka 1903 ilifunguliwa maktaba kuu kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie, katika uwanja wa Mount Vernon. Mji ule wakati ule ulikuwa na ubaguzi wa rangi mkali, lakini maktaba ile, tangu siku ya kwanza, ilipokea watu weusi na weupe. 1903! Miaka 28 kabla McMillan haijafunguliwa kwa Wazungu peke yao. Kwa hiyo msiniambie kwamba zama ndizo zilizokuwa hivyo. Katika zama hizohizo walikuwapo waliochagua vingine.

Na jengo hilo limefikia wapi? Mji ulipopata maktaba kuu mpya mwaka 1972, lile la zamani lilihangaika. Likajaribiwa kuwa makumbusho ya mji, yakafunguliwa 2003 na kufungwa mwaka uliofuata. Tangu 2019 ni duka la Apple, na chama cha historia cha mji kimebakiziwa sehemu ya jengo. Mawe yamesafishwa vizuri, sikatai. Wataalamu wa ukarabati walifanya kazi ya kusifiwa. Utaingia bure, ni kweli, lakini utaingia kama mteja, na mezani umewekewa bidhaa. Kijana aliyekuja kwa ajili ya kitabu hana la kufanya mle.

Chicago walifanya tofauti. Maktaba yao kuu ilifunguliwa 1897, ina kuba la vioo vya rangi lililotengenezwa na kampuni ya Tiffany, na kuta zake zimetiwa vigae vidogovidogo vyenye majina ya waandishi. Kuna wakati ilikaribia kubomolewa, na miongoni mwa waliopaza sauti ni mke wa meya, Eleanor Daley. Vitabu vilipohamia jengo jipya la Harold Washington mwaka 1991, lile la zamani likabaki kituo cha utamaduni: muziki, maonyesho, mihadhara, na kiingilio hakuna. Wazee wanakaa humo wakati wa baridi kali wakisoma magazeti waliyokuja nayo. Vitabu vimeondoka, ila haki ya kukaa imebaki. Mimi nikilazimishwa kuchagua, nachagua hilo.

San Francisco jengo la maktaba la 1917 likawa makumbusho ya sanaa ya Asia mwaka 2003, kazi ya msanifu Gae Aulenti. Ni pazuri, lakini pana tiketi. Nimeshasema kuhusu tiketi.

Turudi nyumbani, maana nawaona wengine mnatazama simu. Na hilo la simu ndilo pingamizi ninalolisikia kila mahali: vijana wana simu, maktaba ya nini? Anayesema hivyo huwa ana meza nyumbani. Ana taa, ana chumba ambamo hakuna redio ya jirani wala mdogo wake anayelia. Mtahiniwa wa kidato cha nne anayeishi na watu saba katika chumba kimoja hatafuti kitabu tu. Anatafuta meza, kimya na mwanga. Simu haina meza. Na bando likiisha saa tatu usiku, elimu yote iliyomo ndani ya simu imeisha nayo. Tafadhalini, tuache hoja hii, imechosha.

McMillan iliingia mikononi mwa Halmashauri ya Jiji mwaka 1962, ikapata matawi Makadara na Kaloleni. Kaloleni ni mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, watu walewale ambao mlango wa mjini haukuwa wao. Mwaka 2017 Angela Wachuka na Wanjiru Koinange walianzisha shirika la Book Bunk, wakaingia ubia na kaunti ili kuzifufua maktaba zote tatu. Wangeweza kuanza na lile jengo la nguzo, ambalo wafadhili hupenda kupigia picha. Walianza na Kaloleni na Makadara. Mimi nalisifu hilo kuliko paa lolote, kwa sababu mtoto wa Kaloleni alipata kiti kwanza, karibu na kwao, pasipo nauli ya matatu.

Na jengo la mjini lina bahati ambayo majengo mengi ya Nairobi hayana. Lina sheria yake lenyewe, Sheria ya Maktaba ya Kumbukumbu ya McMillan ya mwaka 1938, Sura ya 217. Huwezi kuamka asubuhi ukalifanya jumba la biashara. Ila sheria ilitungwa wakati mlango umefungwa, na kulinda kuta hakumlindi msomaji. Wanasheria mlioko hapa, isomeni. Nataka siku moja bunge letu liandike ndani yake, kwa maneno yasiyopindika, kwamba kuingia na kusoma ni bure kwa kila mtu.

Nina mambo mengine, nayapitia haraka. Rafu nazo zina milango. Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, unaokipa kila kitabu namba kufuata mada yake. Humo, dini: Ukristo umepewa karibu namba zote kuanzia 220 hadi 289, na dini nyingine zote za dunia zimebanwa katika 290. Lugha: Kiingereza kina 420 nzima, na lugha nyingi za Afrika, Kiswahili, Kiyoruba, Kizulu, zimesongamana katika 496. Ukilikarabati jengo ukaacha mpangilio huo bila kuugusa, msomaji bado anaambiwa kwao ni pembeni. Wakutubi wanalijua hili vizuri, waulizwe.

Magazeti ya zamani yaliyomo ndani ya McMillan: unyevu unayala. Kuyapiga picha ni kazi ya haraka kuliko kupaka rangi, na ni lazima itangulie.

Ngazi za mbele. Mtu wa kiti cha magurudumu anazipandaje? Njia ya mteremko iwe mbele, palepale walipo simba. Asipitishwe uani.

La mwisho ni fedha. Carnegie alichangia ujenzi wa maktaba zaidi ya 2,500 duniani, na sharti lake la kawaida lilikuwa hili: mji utoe kiwanja, kisha kila mwaka utenge asilimia 10 ya kiasi alichotoa, kwa matunzo na uendeshaji. Alijua kwamba kujenga ni rahisi kuliko kununua balbu mwaka wa ishirini. Sisi tunakata utepe, tunapiga makofi, na mwaka unaofuata choo hakina maji. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na Katiba inataka wananchi washirikishwe. Mikutano hiyo huwa na viti vitupu. Nendeni. Andikeni jina la kila maktaba, McMillan, Makadara, Kaloleni, na kiasi mnachotaka itengewe kwa wakutubi, maji, umeme na vitabu vipya, na mkabidhi karatasi hiyo ikiwa na sahihi zenu. Msiondoke ukumbini kabla haijagongwa mhuri wa kupokelewa.