Mafuta ya Mwili: Jeni Zilezile, Kazi Mbalimbali

Ndugu wasikilizaji, mafuta ya mwilini wengi wetu tunayachukulia kuwa ghala tu: chakula kikizidi, kinawekwa. Lakini seli ya mafuta hutoa homoni, hupashana habari na ubongo, na kwa baadhi ya wanyama huchoma nishati ili mwili upate joto.

Nianze na nguruwe, maana ndiye anayenishangaza zaidi. Mamalia wengi wana mafuta ya kahawia yaliyojaa mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, na humo mna protini iitwayo UCP1. Kazi yake ni kuzipitisha protoni, chembe ndogo zenye chaji, kwenye utando wa mitokondria bila kuundwa ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, hivyo nishati inatoka ikiwa joto. Nguruwe hana protini hiyo. Jeni yake iliharibika katika ukoo wao yapata miaka milioni 20 iliyopita, na vipande vyake kadhaa vikafutika kabisa. Ndiyo maana vitoto vya nguruwe hutetemeka na hufa upesi kwa baridi, na nguruwe mwitu jike hujenga kiota kabla ya kuzaa. Mwaka 2017 watafiti wa China walitangaza kwamba wamewapa nguruwe UCP1 ya panya; wakahimili baridi vizuri zaidi, tena wakapungua mafuta. Nyangumi na tembo nao jeni hiyo imewaharibikia.

Je, UCP1 ilizaliwa na mamalia? Hapana! Mwaka 2005 ilielezwa kuwa iko kwa samaki karpu, ambaye hana mafuta ya kahawia wala hajipashi joto. Kwake imejaa kwenye ini, na maji yakipoa inapungua. Kwa hiyo jeni ilitangulia, kazi ya kupasha mwili joto ikaja baadaye sana. Ndege waliipoteza, nao kwa joto hutegemea misuli.

Leptini, homoni inayohusiana na akiba ya mafuta, nayo ina historia ya namna hiyo. Jeni yake ilipatikana mwaka 1994 kwa panya wanene. Kwao hutoka kwenye seli za mafuta na kuuarifu ubongo hali ya akiba. Kwa samaki wengi hutoka zaidi kwenye ini. Kwa ndege wataalamu walibishana miaka mingi, hadi jeni ya kweli ilipoonyeshwa mwaka 2014, na hata hapo haikuonekana kuwa homoni ya mafuta.

Basi tuwe waangalifu na panya wetu wa maabara. Ni kweli, PPAR gama, protini inayoongoza uundwaji wa seli za mafuta, iko kwa samaki, kwa panya na kwetu. Ila panya huyo kwa kawaida hufugwa kwenye nyuzi joto 22 hivi, ilhali mwili wake hutulia, bila kuhangaika kujipasha joto, mazingira yakiwa na nyuzi 30 hivi. Mafuta yake ya kahawia yako kazini mchana na usiku. Mtu mzima, ambaye mafuta hayo yalithibitishwa kwake mwaka 2009, anayo kidogo tu, hasa shingoni na juu ya mtulinga. Dawa iliyomkondesha panya wa nyuzi 22 naomba ijaribiwe kwanza kwa panya wa nyuzi 30, kisha kwa mnyama asiye na UCP1 kabisa, ndipo tuanze kumtajia mgonjwa.