Kabla ya Kulaumu Maziwa ya Soya, Ionje Kwanza Kahawa

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Naanza na kikombe. Mteja ameagiza kahawa kwa maziwa ya soya. Umemmiminia, na kabla hajatia sukari vipande vyeupe vimeshaelea juu kama mtindi uliopigwa upawa vibaya. Wewe unafanya nini? Unasoma tarehe kwenye pakiti, unaona imebaki miezi mitatu, unamsonya aliyekuuzia, unafungua pakiti ya pili. Nayo inakatika. Kuanzia siku hiyo unatangaza mtaa mzima kwamba maziwa ya mimea hayaendi na kahawa.

Hili nimelisema mpaka wengine wenu mnalijua kwa moyo, na leo mtalisikia tena. Mara nyingi pakiti haina kosa. Mtu amebadilisha maziwa, halafu mengine yote ameyaacha kama yalivyokuwa siku za ng'ombe: kahawa ileile chachu, joto lilelile, haraka ileile. Sasa anashangaa nini?

Maziwa mgando mnayajua. Protini ndani ya maziwa hazizami wala hazishikani kwa sababu zinasukumana, kila chembe ina chaji ya umeme kama ya jirani yake. Asidi ikiongezeka, ile chaji inapungua, na inapoisha chembe zinakumbatiana. Kwa kaseini, protini kuu ya maziwa ya ng'ombe, hilo hutokea kwenye pH 4.6 (pH ni kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imepanda). Kwa protini za soya ni karibu 4.5. Kahawa nyingi iko karibu 5, maziwa ya ng'ombe 6.6 au 6.7, soya karibu 7. Naona mama pale mbele keshaanza kupiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi: ukichanganya, huwezi kushuka hadi 4.5. Mbona basi soya inakatika na ya ng'ombe yanatulia?

Kwa sababu soya ilishachemshwa kiwandani. Lazima ichemshwe, mbichi hainyweki na inasumbua tumbo. Huko kwenye kuchemka protini zake zilikunjuka, na protini iliyokunjuka haingoji kufika 4.5, inaanza kushikana mapema, hasa ukiikuta kahawa ingali ya moto sana. Ongeza kalsiamu ambayo watengenezaji wengi huitia: kalsiamu ndiyo hiyohiyo inayotumika kugandisha soya iwe tofu. Kwa hiyo ndani ya kikombe umeweka asidi, joto na kalsiamu, kisha unataka mchanganyiko utulie! Kaseini ya ng'ombe imejikusanya katika mafundo madogo yenye kama vinyweleo juu, vinavyoyazuia yasigusane. Lakini hata ng'ombe ana mwisho wake. Maziwa ya jana yaliyoanza kuchacha ukiyabandika jikoni yanakatika mbele ya macho yako, na hakuna anayesema ng'ombe hafai.

Anayepika kwa nazi ameshanielewa. Tui zito likiwekwa kwenye moto mkali bila kukorogwa linakatika, mafuta yanapanda juu, maji yanabaki chini. Mpishi wa pwani hamlaumu mnazi. Anapunguza moto, anakoroga upande mmoja hadi lichemke taratibu. Adabu ileile ya tui ndiyo ninayoiomba kwenye kahawa, na sijui kwa nini mtu aliye nayo jikoni kwake anaivua mlangoni akiingia mgahawani.

Twende kwenye kahawa yenyewe. Arabika iliyooshwa ya Nyeri au Kirinyaga kule Kenya, aina ya SL28 na wenzake, inasifiwa kwa uchachu wake. Ya miteremko ya Kilimanjaro nayo ina uchachu, ingawa kwa kawaida ni mpole zaidi. Ikikaangwa kidogo tu, rangi ya mdalasini, uchachu wote unabaki ndani. Hiyo ndiyo kahawa mnayoichukua na kuimwagia soya. Mtaniambia, "Lakini ndiyo kahawa yenye bei!" Ndiyo. Basi iuze bila maziwa, mnywaji aione thamani yake. Kwa soya tafuta iliyokaangwa zaidi ya wastani, au changanya na robusta safi ya Kagera kiasi cha robo. Asidi inapungua, na uchungu wake unaukabili utamu wa maziwa.

Kuna uchachu mwingine ambao haukutoka shambani, unatoka mikononi mwako. Espreso, kahawa nzito ya mashine, ya gramu 18 za unga inatakiwa ikupe gramu 36 hivi kikombeni ndani ya sekunde 25 hadi 30. Ikitoka kwa sekunde 15, maji yamepita mbio, yamebeba asidi ambayo huyeyuka mapema, yameuacha utamu ndani ya chujio. Hiyo itakata soya yoyote duniani. Saga laini zaidi, pima tena. Ndiyo maana ninawaambia onjeni kwanza. Kahawa ikikukunja uso kabla ya maziwa, hakuna pakiti itakayokuokoa.

Kwa kahawa ya chujio, gramu 60 kwa lita: ikishachuja iache dakika mbili tatu ipoe kidogo. Pasha soya mpaka nyuzi 55 za Selsiasi, kisha mimina kahawa ndani ya maziwa polepole huku ukikoroga. Ukimwaga soya baridi kutoka friji juu ya kahawa inayofuka, umeyatafuta mwenyewe. Wapo wanaotia magadi kidogo, yale ya unga ya kulainishia maharage. Inafanya kazi, maana yanavunja asidi, lakini yasizidi sehemu ya nane ya kijiko cha chai kwa lita. Ukizidisha, mteja anakunywa sabuni.

Pakiti zilizoandikwa kuwa ni za barista, yaani mtengeneza kahawa, zimefanya kazi hii mapema. Geuza usome nyuma: utakuta fosfati ya potasiamu, au E340. Hiyo inaizuia pH isishuke ghafla. Utakuta pia mafuta yaliyoongezwa, kwa ajili ya ulaini na povu. Hamlipii jina tu pale.

Sasa oti. Dukani wengine huandika shayiri, lakini shayiri ni ile ya bia, hii ni nafaka nyingine. Oti ina protini kidogo, gramu moja hivi kwa mililita 100 ambapo ng'ombe na soya zina tatu na ushei, kwa hiyo haikatiki kirahisi. Ugonjwa wake ni mwingine. Mtu anasaga oti na maji kwenye blenda, anachuja, anafurahi kwamba ni rahisi. Akiweka bomba la mvuke, kufika 60 ana uji kwenye jagi. Ni wanga. Wanga ukipata maji na joto unavimba, na hakuna namna ya kuubembeleza.

Wasweden walilitatua hili miaka ya 1990. Rickard Öste wa Chuo Kikuu cha Lund alitumia vimeng'enya kuukata wanga wa oti uwe sukari ya maltosi, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa Oatly, kampuni ya maziwa ya oti. Ndiyo maana maziwa yale ni matamu bila sukari kuongezwa. Watu husimuliwa habari hii wakaduwaa. Jamani, togwa! Bibi anapika uji mzito, anauacha upoe kidogo, anatia kimea cha ulezi, na uji unalegea hadi unamiminika, tena mtamu. Vimeng'enya vilivyomo kwenye kimea ndivyo vilivyoukata wanga. Sayansi ni hiyohiyo.

Basi fanya hivi. Gramu 100 za oti, lita moja ya maji, pika ukikoroga hadi uwe uji. Uache ushuke hadi 65 kwenye kipimajoto, usikisie kwa kidole: ukitia kimea kwenye uji wa 80 umeviua vimeng'enya na utabaki unakoroga uji mpaka jioni. Tia kijiko kimoja cha mezani cha unga wa kimea cha ulezi. Nasema ulezi, kwa sababu machipukizi ya mtama yana kiasi cha sumu ya sayanidi, na sioni haja ya kujitafutia kesi. Shikilia kati ya 60 na 65 kwa dakika 30, koroga mara kwa mara. Uji ukishalegea, chemsha ili kazi ya vimeng'enya ikome, la sivyo vitaendelea kukata mpaka maziwa yawe maji matamu. Chuja kwa kitambaa, tia chumvi kidogo, piga kwenye blenda na mililita 20 za mafuta ya alizeti yasiyo na harufu. Rangi itakuwa na ukahawia wa ulezi. Kwenye friji weka siku tatu, na utikise kila unapomimina, mafuta yatajitenga.

"Mbona korosho ya Mtwara hujaitaja?" Nilijua mtauliza. Ni nzuri, na ladha yake inapatana na kahawa kuliko lozi. Gramu 100 za korosho zisizokaangwa, loweka saa nne, saga na mililita 800 za maji. Lakini korosho nayo ina wanga, inaanza kuwa nzito ukiipasha sana. Ishie 55. Lozi ni nyepesi mno, povu lake linakufa kabla mteja hajakaa. Tui la nazi linatawala kikombe kizima, na povu lake ni dhaifu.

Na yule mzee anayetaka kuniambia kwamba kahawa ya dele na kashata haikuwahi kuhitaji maziwa, shikamoo mzee, umeshinda. Wa pili atasema sisi ni wafugaji, maziwa hayatudhuru. Wafugaji, sawa: mwaka 2007 mtaalamu wa jenetiki Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba uwezo wa watu wazima kuyeyusha laktosi, sukari ya maziwa, ulijitokeza Afrika Mashariki kwa njia yake, mbali na ule wa Ulaya. Lakini anayeingia dukani kwako hajaja na ukoo wake ameuandika kifuani. Akisema maziwa yanamsumbua, msikilize.

Naona natolewa macho kuhusu muda. Povu, kwa haraka: maziwa yatoke friji yakiwa baridi, tikisa pakiti kwa sababu kalsiamu hukaa chini, ingiza hewa sekunde tatu hadi tano tu, zamisha bomba, zungusha, zima kwenye 55 hadi 60. Ng'ombe anavumilia 65, hawa hawavumilii. Usipashe mara ya pili. Jagi la soya lisiguse la ng'ombe, na bomba lifutwe na kupulizwa kila mara: mwenye mzio wa soya au lozi hatanii, anaweza kuishia hospitali. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe haya badala ya maziwa ya mama au ya kopo ya watoto wachanga, na ya kutengeneza nyumbani hayana kalsiamu ya kutosha hata kwa mtu mzima anayeyategemea.

Bei nimeiacha, tutazungumza nje. Majagi yako mezani, la kushoto soya, la kulia oti ya kimea. Tuanze na ile espreso ya sekunde 15, muione ikikata.